Mwisho wa Jinbei

"Kimekatwa," alisema Mahfudha, kitabu kakishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. "Mwisho wote umekatwa, Nunu. Tazama mwenyewe."

Bi Nunu hakukitazama kitabu kwanza. Alitazama mlango, kisha dirisha, kisha nyuso za wanaume watatu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Alikuwa mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege mpaka alipostaafu, na hadi leo mtu akimsalimia yeye huanza kwa kuutupia jicho mkoba wake. Wapo waliomwogopa kwa hilo, na hakuona sababu ya kuwatoa hofu.

Ilikuwa Alhamisi, Februari 2004, baada ya sala ya Alasiri, katika duka la vitabu la Mahfudha nyuma ya soko la Sib, Maskati. Kila Alhamisi, siku ya mapumziko, wasomaji wa *Kivuko cha Odani* walikutana pale kunywa chai na kubishana. Zilikuwa katuni za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, hadithi ya samurai wa zamani, Jinbei, anayemsaka bwana aliyemuua baba yake. Juzuu kumi na moja walikwisha kuzimaliza. Ya kumi na mbili, ya mwisho, ilikuwa imefika wiki hiyo kwa posta, na walikubaliana asiifungue mtu mpaka wote wawepo.

Sasa mtu alikuwa ameifungua, tena kwa wembe.

"Mwizi wangu huyu hapa," alisema Mahfudha, akimnyooshea kidole Zachariah, Mkenya aliyemfanyia kazi dukani mwaka wa tatu huo. "Ufunguo wa pili anao yeye. Wembe wa kukatia karatasi ni wake. Na jana kanisihi asome mwisho kabla ya wenzake, nikamkatalia. Nataka ushahidi gani tena? Jumamosi namkansli viza, arudi kwao."

Zachariah aliinuka kitini. Mahfudha ndiye aliyekuwa mdhamini wake. Viza ikifutwa, hana kazi wala haki ya kubaki Maskati. Hata pasipoti yake ilikuwa ndani ya droo ya mama huyo, chini ya risiti za umeme.

"Mama, mimi sijakata hicho kitabu," alisema. "Niko na watoto wawili shuleni kwa hii kazi. Nitaiharibu aje, kwa sababu ya katuni?"

"Khalti, mama yangu, usighadhibike," aliingilia Sleyum kwa sauti ya upole. Alikuwa kijana nadhifu, dishdasha imepigwa pasi ikanyooka, na mwezi uliopita Mahfudha alikuwa ameipokea posa yake kwa binti yake Masouda. "Shetani kampitia tu. Msamehe, umkatie tiketi arudi kwao kwa salama."

Bi Nunu alimtazama. Huruma ile ilikuwa na haraka mno, imemfungia mtu mizigo kabla hajahukumiwa.

"Hapana anayekwenda popote," alisema. "Mahfudha, jana kitabu kilikuwa wapi?"

"Hapa mezani. Baada ya Alasiri Zachariah kakifunika khaki kama tunavyofunika vyote, kabandika na stika ya duka ndani. Maghribi ilipoadhiniwa nikaingia chumba cha nyuma kusali. Yeye nikampeleka akalete mkate wa khubz. Niliporudi, nikafunga duka."

"Na wakati unasali, nani alibaki hapa?"

"Sleyum. Na Benedict, alikuja kutengeneza AC."

Macho yote yakamgeukia Benedict, Mtanzania, fundi wa viyoyozi kutoka Wadi Kabir. Benedict akaiweka chini bilauri yake ya chai.

"Alhamisi iliyopita ulisema nini juu ya Jinbei?" aliuliza Bi Nunu.

"Nilisema akifa, hicho kitabu nakichana." Benedict alicheka, kisha akaona kuwa amecheka peke yake. "Jamani! Mama, hayo ni maneno ya mtu aliyekolewa na hadithi. Mimi Jinbei nampenda kama ndugu yangu."

"Na jana ulikuwa humu."

"Nilikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya AC. Mikono yote masizi na grisi, hata mama aliponipa maji nilinywa kwa kushikiwa glasi. Ningegusa kitabu, si mngeona?"

Mahfudha alikiri kuwa ndiye aliyemshikia glasi. Bi Nunu alikipeleka kitabu dirishani na kuligeuza lile jalada la khaki huku na huku. Lilikuwa safi, hata alama ya kidole haikuwapo. Alimwashiria Benedict anywe chai yake.

Akabaki na wawili, na mabishano ya Alhamisi ile yakamrudia yote. Zachariah alikuwa ameshikilia kwamba Jinbei atautupa upanga, kwa sababu mtu hawezi kusafiri juzuu zote hizo akabaki na chuki ile ile. Sleyum alimcheka. Yeye, alisema, hadithi yote alikwisha kuisoma kwa Kijapani alipokuwa masomoni Osaka, na Jinbei anakufa darajani, kwenye theluji. Hapo ubishi ukaisha, maana nani angebishana na mtu aliyefika Japani?

Bi Nunu mwenyewe alikuwa na malalamiko yake ya siku nyingi. Samurai wote wa hadithi ile walishika upanga kwa mkono wa kushoto. Hata wali walikula kwa kushoto! Kwake yeye, aliyelelewa Unguja na kuchapwa vidole akinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, jambo hilo lilimkera kuliko damu yote iliyomwagwa. Sleyum alimjibu bila kusita kwamba samurai ndivyo walivyofunzwa, na kwamba ameziona panga zao kwa macho yake katika makumbusho ya Osaka.

Bi Nunu alifungua kitabu kwa nyuma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimekatwa karibu na uti, vimebaki vipande vyembamba vya karatasi. Na pale, upande wa ndani wa jalada la nyuma, ilibandikwa stika ya duka.

"Tazama hiyo!" Mahfudha alisonya. "Stika zote tunabandika mwanzo wa kitabu. Hii kaibandika mwisho. Akili yake haikuwa kwenye kazi."

"Zachariah, kwa nini umebandika huku?"

"Si ndio mwanzo huo?" alijibu Zachariah, akishangaa kuulizwa.

Bi Nunu alikodoa macho. Alikigeuza kitabu, akakifungua kwa upande wa pili, akausoma ukurasa mmoja polepole. Akafunua mwingine, akatazama picha. Kisha akakifunga na kuketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Sleyum, mwanangu. Osaka ulizisoma juzuu zote?"

"Zote, Bi Nunu."

"Vitabu vya Kijapani vyenyewe?"

"Vyenyewe khasa."

"Basi tufungulie huu ukurasa wa kwanza. Tuanze kusoma, hata kama mwisho haupo."

Sleyum alikipokea kitabu, akakiweka mapajani na kukifungua kwa kushoto, kama kinavyofunguliwa kitabu chochote cha Kiingereza. Macho yake yakatua kwenye maandishi makubwa ya ukurasa ule.

"Soma," alisema Bi Nunu. "Husomi? Basi nakusomea mie. Wachapishaji wanasema: huu ni ukurasa wa mwisho, geuza kitabu, anza upande wa kulia. Wanasema juzuu zilizotangulia walizipindua picha kama kwenye kioo ili Mwingereza asome kuanzia kushoto, na hii wameiacha kama ilivyo kwao Japani. Huko vitabu vinafunguliwa kwa kulia, kama msahafu. Mtu aliyesoma Osaka hajui hilo?"

Alikichukua kitabu kutoka mapajani mwa Sleyum.

"Samurai hawakuwa mashoto, ilikuwa picha imepinduliwa. Na weye uliziona panga zao makumbusho!" Alimgeukia Mahfudha. "Mwisho wa Jinbei upo wote. Aliyekuja na wembe kakata mwanzo, akidhani ndio mwisho. Zachariah alikijua kitabu, ndiyo maana stika yake iko mahali pake. Angetaka mwisho, asingekosea. Na Benedict hakukigusa. Nani kabaki?"

Sleyum aliinamisha kichwa, na kofia yake ikaanguka sakafuni.

"Sikufika Japani," alisema. "Nilikuwa Dubai, kwenye ghala la vipuri vya magari ya Kijapani. Mama ndiye aliyeanza kuwaambia watu Japani. Wakampongeza, mie nikanyamaza. Halafu ikaja posa. Khalti, wewe mwenyewe ulisema binti yako unamwoza msomi wa Japani. Nilishawaambia Jinbei anakufa, na nimetunga tu. Leo mngejua. Nikazikata kurasa nikiwa na khofu, nikazitupa jalalani bila kuzitazama."

"Na Zachariah?" aliuliza Bi Nunu. "Umesikia anakansliwa, ukamwombea tiketi."

"Nilidhani atapata kazi kwengine."

Hakuna kilichomuudhi Bi Nunu siku ile kuliko jibu hilo. Mahfudha alisimama, uso umemwiva.

"Toka dukani kwangu," alisema. "Na posa yako mwambie mama yako nairudisha leo leo."

Sleyum aliondoka bila kuokota kofia. Kisha Benedict akakohoa.

"Samahani. Kwa hiyo Jinbei anakufa au hafi?"

Walimpa Zachariah kitabu. Alisoma kurasa za mwisho kutoka kulia. Jinbei alimkuta adui yake kivukoni, mzee asiyeona, akimwomba amvushe maji. Aliutoa upanga kwa mkono wa kulia, akautumbukiza mtoni, akashika kasia.

"Nilijua!" Benedict alipiga paja. Bi Nunu alikuwa ameridhika na mkono tu, na alisema hivyo.

Mahfudha alikuwa akilia. "Zachariah, mwanangu, nisamehe. Nimekukosea. Kazi yako ipo palepale."

"Asante, mama. Nitafanya." Zachariah alikifunga kitabu akakirudisha mezani. "Lakini jana nilikuwa hapa, na leo nilikuwa hapa, na hukuniuliza hata swali moja."

Alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja juu, akangoja. Ilimchukua Mahfudha muda kuelewa kinachoombwa. Alipoelewa, alifungua droo, akasogeza risiti za umeme, akamkabidhi pasipoti yake.