Sahihi Kwenye Fomu Tupu

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Kiherehere alimpeleka bibi yake zahanati. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alipewa jina hilo kwa kupenda kuuliza maswali. Macho ya bibi yalikuwa hafifu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika kadi ya bima na kumsainia. Karani wa mapokezi alikuwa na mtindo wake: kwanza unasaini fomu tupu ya bima, ndipo unapangiwa foleni.

"Saini hapo chini, mengine tutajaza wenyewe," alisema, na watu wote walisaini.

Mwezi huu bibi alikuwa anakohoa mpaka anashika mbavu. Daktari alimsikiliza kifua, akakunja uso, akaagiza apigwe picha ya eksirei siku hiyo hiyo. Karani akaangalia kompyuta yake.

"Bima imekataa. Alipigwa picha ya kifua mwezi uliopita. Arudi baada ya miezi mitatu."

"Mwezi uliopita alipewa dawa za presha tu!"

"Usinibishie, mtoto. Hii hapa fomu. Sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Juu ya sahihi hiyo vilikuwa vimeandikwa vipimo vinne, picha ya kifua ikiwemo, ambavyo bibi hakuviona hata kwa dawa. Hasira ilimpanda Kiherehere mpaka masikio yakamwaka. Alimkasirikia karani, akajikasirikia na mwenyewe.

"Twende zetu, mjukuu wangu," bibi alisema huku akikohoa. "Hawa hatuwawezi."

"Hatuendi popote, bibi!"

Alitoka mbio hadi kwa mama yake, fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Mama alikuja na futi yake ya kupimia shingoni, hakumsalimia mtu, akagonga meza kwa kiganja.

"Mwiteni daktari mkuu! Mama yangu hafi hapa kwa ajili ya uongo wenu!"

Daktari mkuu alipofika, Kiherehere alimwonyesha fomu.

"Shikamoo, daktari. Chumba cha eksirei hakina daftari? Tazama kama bibi yumo."

Daftari likaletwa. Daktari mkuu alitafuta tarehe iliyo kwenye fomu, akasoma kwa sauti. Palikuwa na mstari mmoja tu: "Mashine mbovu. Hakuna aliyepigwa picha leo."

Foleni nzima ilisimama. "Na mimi nataka kuona fomu yangu!" mzee mmoja alifoka. Karani aliondolewa mezani, na daktari mkuu akapiga simu ofisi ya bima mbele ya watu wote. Kabla ya saa sita bibi alikuwa amepigwa picha. Ilikuwa nimonia, na matibabu yakaanza palepale.

Kando ya kitanda cha bibi, mama bado alikuwa anahema kwa hasira.

"Wezi ni wao, huo mzigo usiubebe wewe," alimwambia bintiye. "Lakini wasingeweza kuiba bila mkono wako, na wangu siku nilizokuja kutibiwa hapa, na wa kila aliyesaini akanyamaza. Karatasi tupu haisainiwi, mwanangu. Wakikuharakisha, kaa chini. Wakikufokea, soma tena."