Nyumba ya Kijani ya Bondeni

Kila asubuhi Sekela alikunja godoro kabla wageni hawajaingia. Godoro lilikuwa la sebuleni, na sebule ilikuwa ya wifi yake, Jenipher, huko Kimara. Wifi hakuwa na neno baya. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Sekela alikuwa ameshika ufagio na masufuria ya watu kwa muda mrefu sasa.

Mikono ikikunja, akili yake ilikuwa mbali. Sekela alikuwa mtu wa kuota macho wazi tangu utoto wake kule Tukuyu. Aliota nyumba ndogo yenye migomba mlangoni. Majani yanagusana polepole kwa upepo. Binti yake, Recho, anacheza kivulini.

Recho alikuwa na kifua kinachobana. Baridi na ukungu wa Tukuyu vilimsumbua tangu azaliwe. Daktari alisema mtoto huyu alale mahali pakavu. Ndiyo maana Ansbert, mume wa Sekela, alipopata kazi ya ukarani kwenye ghala moja Barabara ya Pugu, walifunga mizigo wakaja Dar es Salaam.

Kutoka Kimara hadi kazini kulikuwa mbali. Ansbert aliondoka alfajiri na kurudi mtoto ameshalala. Walihitaji nyumba yao, karibu na kazi. Akiba yao ilitosha kodi ya miezi sita, kwa sababu wenye nyumba wengi hutaka yote kwa mkupuo. Wakikosea nyumba, hawakuwa na fedha ya kuanza upya.

Sekela alisema angependa Mbezi Beach, wanakokaa wenye nacho. Ansbert alicheka, akasema Mbezi Beach wataenda Jumapili kuchezea mchanga, kisha watarudi kwao.

Wakampata dalali, kijana mmoja aitwaye Marijani. Aliwapeleka mbele ya Gongo la Mboto. Kilikuwa kiangazi. Vumbi lilikaa juu ya paa, juu ya maua, hadi juu ya kope za watu. Kisha njia ikashuka bondeni, na Sekela akasimama.

Palikuwa kijani kitupu. Migomba, matete, na magimbi yenye majani mapana kama ungo. Katikati yake ilisimama nyumba ya vyumba vitatu, imepakwa rangi mpya. Kodi yake ilikuwa nafuu kuliko zote walizoziona.

Watu wa Tukuyu hutaniwa kwamba kwao mvua hainyeshi, inaishi. Sekela alikulia ndani ya kijani hicho. Kwake magimbi yalikuwa mama, jikoni, na jioni za utotoni. Alivuta hewa yenye harufu ya udongo mbichi, macho yakamlenga machozi. Alimwambia mumewe kwa sauti ndogo kwamba nyumba ni hiyo.

Ansbert naye alipapenda, maana kazini angefika kwa miguu. Wakaahidi kulipa Jumamosi.

Sekela alilelewa kwamba huhamii mahali kabla hujamsalimia jirani. Jumamosi ilipofika, Ansbert alibaki kwenye ile nyumba na Marijani, wakimngoja mwenye nyumba. Sekela alichukua kichane cha ndizi, akamshika Recho mkono, akaenda nyumba ya pili.

Barazani alikaa mama mtu mzima, amenyoosha miguu, anasuka ukili wa mkeka. Jina lake Bi. Mwanaheri. Sekela alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa ndani.

Mlangoni ilibidi ambebe Recho. Kizingiti kilikuwa ukuta mdogo wa saruji, umefika magotini mwa mtu mzima. Ndani, kitanda kilisimama juu ya matofali. Friji ilikaa juu ya meza. Soketi za umeme zilikuwa juu ukutani, usawa wa bega.

Sekela alitabasamu. "Una wajukuu watundu, bibi?"

"Wajukuu wako Mbagala," alisema Bi. Mwanaheri. "Hapa mtundu ni maji."

Sekela hakuelewa. Bibi akaweka ukili chini.

"Mwanangu, wewe umetoka juu huko bara, si ndiyo? Kwenu kijani ni neema. Huku kiangazi kinakausha mpaka michongoma. Ukiona mahali pabichi na hakuna mtu anayemwagilia, jua maji yanalala hapo. Masika yakija yanaamka."

Alimweleza kwamba kila masika mto unaopita nyuma ya matete hupanuka. Yeye hupanda kilimani na godoro lake, akajisitiri kwa watu mpaka maji yapungue. Sekela akamuuliza kwa nini hahami.

"Mie nimezeekea hapa, na wa kuinunua nyumba hii simwoni. Wewe bado una miguu na kodi yako. Kaangalie nyuma ya mlango wa nyumba ile, pale wapaka rangi hupitisha mkono haraka."

Sekela alimbeba Recho, akarudi mbio. Mwenye nyumba alikuwa ameshafika, na Ansbert ameshika bahasha. Sekela hakusalimia mtu. Aliingia, akafunga mlango kwa ndani, akatazama ukuta uliokuwa nyuma yake. Rangi ilikuwa imetutumka. Alikwangua kwa ukucha. Chini yake palitoka kuvu jeusi, na juu ya kuvu, mstari wa tope wa kahawia ulionyooka kutoka kona hadi kona.

Akamwita mumewe. Ansbert alisema kila nyumba ya Dar ina kasoro yake. Sekela akamvuta mtoto karibu. Alimsimamisha Recho pale ukutani. Mstari ulipita juu ya kichwa cha mtoto.

Ansbert aliugusa mstari kwa kidole. Kisha akarudisha bahasha mfukoni.

Mwenye nyumba aliondoka kwa hasira. Marijani alikuna kichwa. "Sista, mie niliambiwa nionyeshe. Sikuambiwa nieleze."

Njiani Sekela alilia. Hakulilia nyumba, alililia ndoto. Iliuma kwamba kitu kizuri namna ile kilikuwa kinamsubiri mwanawe kwa ubaya.

Tangu siku hiyo walitafuta kwa njia nyingine. Walipanda juu ya kilima kinachotazama bonde lile, mbali na mkondo wa maji. Kila nyumba waliyoipenda waliiendea mchana, kisha wakairudia jioni, waone kama njia ina taa na watu, au giza na vijiwe. Waliwauliza majirani, si dalali, kuhusu maji ya bomba, wezi, zahanati na mafuriko. Jirani mmoja anaweza kudanganya, lakini watatu wakisema lile lile, sikiliza.

Mwishowe walipata nyumba ya vyumba viwili, tofali tupu, haina plasta nje. Uwanja wake ulikuwa mchanga mwekundu bila jani hata moja. Sekela aliitazama, moyo ukawa mzito. Lakini kuta zilikuwa kavu kila kona, na kodi waliiweza bila kukopa.

Kabla ya kulipa, walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, Mzee Theonest, aliwathibitishia kwamba aliyewaonyesha nyumba ndiye mwenye nyumba kweli. Aliwaambia wapo watu waliolipa kodi kwa mpangaji mwenzao bila kujua. Mkataba ukaandikwa, pande zote mbili zikasaini mbele ya mashahidi, na kila upande ukabaki na nakala. Ndipo bahasha ikatoka mfukoni.

Masika yakaja. Mvua ilipiga bati siku nzima na kesho yake. Asubuhi Sekela alisimama mlangoni akatazama chini. Bonde lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, yanang'aa, mazuri kwa namna ya kutisha. Ile nyumba ya rangi mpya ilibaki madirisha na paa. Magimbi hayakuonekana.

Hakungoja maji yapungue. Alimtuma Ansbert amfuate Bi. Mwanaheri, akamkuta tayari njiani, godoro kichwani, na mfuko mkononi. Safari hii bibi hakujisitiri kwa watu baki. Alilala chumba kimoja na Recho, na Sekela alipowachungulia, alisikia pumzi za wawili. Za bibi zilikuna kidogo. Za mtoto zilikuwa nyepesi, hazina mluzi. Sekela aliegemea ukuta mkavu, akamshukuru Mungu.

Ndani ya ule mfuko kulikuwa na chipukizi la mgomba. Mvua ilipokwisha walilipanda karibu na bafu, maji ya kuogea yapitie hapo. Kiangazi kilirudi, mchanga ukakauka, na kila jioni Sekela na Recho walibeba ndoo. Mgomba ukatoa jani, kisha jingine. Yakaanza kugusana polepole kwa upepo.

"Mama," Recho aliuliza siku moja, "kwa nini huu tunaumwagilia, na ile ya bondeni haimwagiliwi?"

Sekela alimimina maji, akayatazama yakizama mchangani mpaka yakaisha.

"Kwa sababu hapa maji hayalali, mwanangu," alisema. "Hapa tunalala sisi."