Sebule Isiyo na Taa ya Katikati

Haya yalimkuta Vumilia, fundi umeme wa hapa hapa Kalangalala, na anayebisha akamuulize mwenyewe. Alipewa kazi ya taa kwenye nyumba mpya ya Mageni, mwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Katoro. Ilikuwa asubuhi njema tu, chai ya maziwa iko mezani.

"Shikamoo, Baba Eunice. Sebuleni tuanze na taa ya katikati?"

"Marahaba. Katikati ya dari sitaki kitu, fundi. Taa ikiniwakia juu ya utosi najiona niko chini duarani."

Vumilia alicheka kidogo, lakini moyo ulimlipuka. Kaka yake Masalu alichimba kwa huyu mtu, na huu mwaka wa nne hajaonekana. Mageni alitangaza kwamba katorokea Kahama na mawe ya dhahabu. Mama yao alikataa kuweka matanga bila mwili, akabaki anakonda tu. Na Mageni hakujua fundi huyu ni nani, maana machimboni Masalu hakuwahi kutaja ndugu zake.

Kazi akaifanya, hasira kaimeza. Taa za ukutani mbili mbili, ya kusimama kando ya kochi, na mkanda wa taa kauficha kwenye kingo za dari ya jipsamu. Mwanga ulitua laini, wala hakuna kilichoning'inia.

Jua lilipozama wakajaribu. Zote zikawaka. Lakini katikati ya sakafu, pale aliposimama Mageni, pakatokea mviringo wa mwanga mweupe.

"Fundi, hiyo inatoka wapi?"

Vumilia akatazama juu. Dari nzima, haina tundu. Akazima swichi kubwa. Taa zote zikazimika. Mviringo ukabaki.

Udongo mwekundu ukaanza kummwagikia Mageni mabegani. Akataka kutoka. Miguu ikagoma. Kisha kivuli kinene kikaukata mviringo upande mmoja. Kikaja cha pili. Cha tatu. Kuna mtu juu, anapanga magogo.

"Nivute," Mageni alinong'ona. "Mayu wane, mama yangu, nivute!"

"Masalu ni kaka yangu. Yuko wapi?"

"Duara la zamani... chini ya karasha langu, ile mashine ya kusaga mawe. Udongo ulimfukia miguu, akawa ananiita. Serikali ingenifungia machimbo, dada. Nikafunika kwa magogo."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai."

Vumilia akakunja mikono. Zilikuwa hatua mbili tu kumfikia. Hakutaka, na mpaka leo hasemi kwamba anajuta.

Gogo la mwisho likalala. Giza.

Alipowasha, Mageni alikuwa chali, macho wazi, mdomo umejaa udongo.

Siku ya tatu karasha liling'olewa, Masalu akatolewa, na mama yake akakilia kile kilio cha miaka minne. Siku hiyo hiyo polisi walipanda darini. Juu ya jipsamu, pale katikati, walikuta magogo kumi mabichi yamepangwa. Upande wa chini yalikuwa yamekwaruzwakwaruzwa, na kwenye gogo moja ilinasa kucha ya mtu, ina damu mbichi.

Kucha za Mageni walizikagua. Zilikuwa kamili, zote kumi.