Nywele Zilizosafiri Bila Kichwa

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Inataka mtu wa sauti ya chini na adabu. Mimi mdomo wangu ni spika ya mkutano wa Chama. Vumilieni.

Daktari Casimir, mwenye villa kule Golf, mtaa wa matajiri, na kipara kinachong'aa, hakuweza hata kuomba chumvi mezani bila kuanza: "Mimi, docteur Casimir, nilisomea Bruxelles..." Siku mashine ya kusaga mahindi ya mtaa wa Kamalondo iliponasa misuko ya msichana Honorine na kumng'oa ngozi yote ya kichwa, kuanzia nyusi hadi kisogoni, Honorine aliletwa hospitalini kwake kwa lori. Ngozi ilifuata baadaye, ndani ya sanduku la barafu la baa ya shangazi yake, Ngalula, katikati ya chupa za bia.

"Docteur," Ngalula alinong'ona, "mbele ya kushona, ambia nywele jina ya mwenyewe. Imetembea peke yake. Kitu inaweza kuwa imeingia."

"Mama, nywele haina masikio. Beba sanduku yako, wende!"

Akaishona ngozi kwa hadubini, mishipa myembamba kama utando wa buibui. Kazi safi, tumpe haki yake. Kichwa kibovu kinaweza kuwa na mikono mizuri.

Kesho yake mchana wodi ilinuka unga ulioungua. Casimir akamfokea mfagiaji. Kisha ukasikika mvumo wa mkanda wa mashine, vuuu, vuuu, chini ya bandeji, na alipoifungua akaona misuko ikijifumua na kujisuka yenyewe, polepole, kama vidole vinavyotafuta kitu gizani, na kila msuko ulipokaza ngozi ilizidi kupoa na kugeuka rangi ya jivu, hadi Honorine, macho yamemtoka, akanong'ona: "Docteur, iko inauliza ni ya nani. Iko inavuta. Itatoka tena!"

Bruxelles yote ikamshuka miguuni. Bwana mkubwa akapiga magoti, akainamia misuko, akaijibu haraka haraka, jasho likimtiririka. Mvumo ukakatika. Ngozi ikapata joto, Honorine akapona.

Jumapili Casimir aliingia kwenye baa ya Ngalula, kofia imezama hadi masikioni. Akaivua. Kwenye kile kipara ilikuwa imeota misuko ya kike, inanuka unga ulioungua, inajisuka, vuuu, nyusi zimevutwa juu.

"Mama, saidia. Iko inavuta."

"Ile siku uliambia nywele nini? Ulisema ni ya Honorine?"

"Nilisema... ku mwisho."

"Na ku mwanzo?"

Casimir akainamisha macho. "Ni kosa yangu, Mama. Nilianza vile ninaanzaka siku yote: 'Mimi, docteur Casimir...'"