Kizibo Kilichogusa Mstari

Hapa Kasoli, msimu wa pamba ukiisha, saa kumi alasiri ni saa ya wazee. Mizani imefungwa, ghala limefagiwa, ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni. Kwa miaka tisa, saa hiyo ilitukuta mimi, Maige, na jirani yangu Salu barazani kwangu, tukicheza tenisi ya vizibo.

Mchezo huo Salu aliutoa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa karani. Meza huchorwa mistari kwa chaki, na katikati hupita uzi wa pamba uliofungwa kwenye misumari miwili. Huo ndio wavu. Raketi ni kidole cha shahada. Unakifyatua kizibo cha soda kivuke uzi, na mwenzako hukirudisha kutoka pale kilipotua. Mwamuzi hayupo. Kizibo kikigusa mstari, ni ndani. Mwenye upande ndiye husema "ndani" au "nje", na neno lake huaminiwa. Matokeo aliyaandika Salu pembeni mwa meza, kwa kuwa mimi sikujua kusoma.

Siku ninayoisimulia, majirani walikuja kutazama, kwani mshindi angecheza na watu wa Dutwa siku ya mnada.

"Maige," Salu alinitania, "hicho kidole umekiazima kwa mkeo? Mrudishie, asonge ugali!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini nilikuwa ninaungua. Kwa miaka tisa sikuwahi kumshinda, na sasa alibakiza pointi moja. Alifyatua. Kizibo kilivuka uzi, kikazunguka kama pia, kikalala juu ya mstari. Juu yake kabisa. Nilikiona, nikakiokota haraka.

"Nje," nikasema.

Salu alikichukua kizibo mkononi mwangu, akakiweka mezani. "Ni ndani. Tuape," akasema.

Kwetu, wabishi wawili huapa pamoja, vidole vyao vikiwa juu ya kitu wanachokibishania. Huapa wote wawili. Mmoja akiapa na mwenzake akakwepa, wazee husema kiapo humrudia yule aliyeapa, awe mkweli au mwongo. Nililijua hilo tangu utotoni.

Salu aliweka kidole juu ya kizibo. "Kama nimesema uongo, kidole hiki kikauke."

Niliweka changu kando ya chake. Nikachezesha midomo. Sauti sikuitoa. Watu walidhani nimeapa kwa kunong'ona.

Siku ya nne, kidole cha Salu kilikakamaa. Kisha mkono mzima. Ulikuwa mweusi na mwepesi, kama bua la mtama lililosahauliwa shambani. Hospitalini walimpima, wasione la kutaja. Kabla ya mwezi kwisha, tulimchimbia kaburi. Dutwa nilikwenda mimi. Sikupata hata pointi moja.

Ndugu zake Salu walisema kiapo kimemuumbua, na kwamba mwongo hawekewi msalaba wenye jina. Kabla ya jeneza kushushwa, mjane wake, Klementina, alinisogelea.

"Shemeji," alinong'ona, "uliyekiona ni wewe. Sema neno moja tu, mume wangu alale na jina lake."

Watu wote walikuwa wakinitazama.

"Kilikuwa nje, shemeji," nikajibu.

Siku ya saba baada ya mazishi, saa kumi, nilikuwa nyuma ya nyumba nikisokota kamba ya ndama. Nikasikia kitu barazani.

Tak.

Kimya.

Tak.

Nilizunguka nyumba. Hapakuwa na mtu. Kizibo, ambacho nilikuwa nimekitupa chooni kwa mkono wangu, kilikuwa mezani, juu ya mstari. Pembeni palikuwa na maandishi mapya ya chaki. Herufi tano.

Niliyafuta. Kesho yake, saa kumi, yalirudi. Nikayafuta tena. Yakarudi.

Ningeweza kumwita yeyote anisomee. Niliogopa atakachosoma. Hivyo, nikiwa na miaka sitini na minane, nilinunua kitabu cha darasa la kwanza mnadani, nikakificha kwenye zizi la mbuzi. Nilijifunza kama mwizi, herufi kubwa moja baada ya nyingine, kwa miezi minane. Hatimaye niliitambua D. Nikaitambua A. Nikaitambua I. Lakini herufi ya kwanza na ya nne, ambazo zilifanana, hazikuwamo kitabuni. Nilikipekua mara nyingi. Hazikuwamo.

Jumapili moja nilikwenda kumsalimu Klementina. "Mwadila, shemeji," aliniamkia, akanipa kigoda. Kitabu chake cha nyimbo za kanisani kilikuwa kwenye mkeka. Nikakifungua, nikaanza kulisoma jina lake lililoandikwa kwa mkono kwenye jalada, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jana.

"Jina hilo aliniandikia marehemu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu. "Tazama hizo N. Zote amezigeuza mgongo mbele. Karani mzima! Nilimcheka mpaka nikachoka."

Nilitazama. Nilizijua herufi zile. Nilikuwa nimezifuta kwa kiganja changu kila siku.

NDANI.

"Kilikuwa ndani, shemeji," nikasema. "Na mimi sikuapa."

Hakulia. Alikichukua kitabu chake kutoka mikononi mwangu, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Usiniambie mimi," alinong'ona. "Waambie wao."

Niliwaambia, mbele ya kaburi, ndugu zake wote wakiwa wamesimama. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mmoja alitema mate chini, wakaenda kutafuta fundi wa msalaba. Salu sasa ana jina lake. Siku hiyo maandishi yalitoweka mezani, nami nikadhani yamekwisha.

Jana, saa kumi, nilisikia tena.

Tak.

Mara moja tu.

Kizibo hakikuwa juu ya mstari. Kilikuwa kimevuka uzi, kimetua upande wangu, ndani kabisa. Ni zamu yangu kukirudisha.

Tangu asubuhi ya leo kidole changu cha shahada hakikunjiki. Ncha yake ni nyeusi. Kwa hiyo haya yote nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, nikifuata herufi kama nilivyofundishwa na kitabu.

Sasa nimeyasoma tena tangu mwanzo. Kila N imegeuka.