Kitalu cha Dirishani

Kila Jumamosi Donatienne alishuka kufua nguo. Mashine za kufulia zilikuwa chini kabisa ya jengo, na watu wa ghorofa zote walizitumia. Jengo lenyewe lilikuwa St. James Town, mjini Toronto. Wakati huo, mwaka 1998, waliishi humo watu wa kila nchi. Ukipita koridoni jioni, unasikia harufu ya chakula cha kila mmoja. Mlango huu vitunguu, ule samaki mkavu, ule mwingine viungo usivyovijua.

Donatienne na mumewe Gelasius walitoka Uvira, Kongo. Gelasius alifanya kazi katika bohari la mizigo huko Malton, karibu na uwanja wa ndege. Walikuwa na binti mmoja, Inès, aliyesikia Kiswahili vizuri na kujibu kwa Kiingereza. Mwaka uliotangulia, mama yake Gelasius naye alikuja kuishi nao. Jina lake Mama Otilia.

Mama Otilia alikuwa mkulima maisha yake yote. Alifika na sanduku dogo, na katika pindo la kitenge chake alikuwa amefunga mbegu. Zilikuwa mbegu za nyanya chungu za shamba lake. Shamba lile sasa halikuwa na mtu. Majirani walitawanyika wakati wa vita, na wengine hawakujulikana walipo. Hakukuwa na wa kumwandikia na kumwambia, "Nitumie nyingine." Mbegu zile zikiisha, ndiyo basi.

Mwezi wa nne theluji iliyeyuka. Kanisa walilosali liliwapa kipande cha bustani nyuma ya jengo lake. Kisha mvua ikanyesha, asubuhi mpaka jioni, siku kadhaa mfululizo. Mama Otilia alisimama dirishani akaitazama.

"Mama Inès," alimwita mkwewe, "mvua ndiyo hiyo. Unangoja nini?"

"Mama, nje bado kuna baridi."

"Baridi ni ya watu. Mbegu haivai koti."

Huko kwao ndivyo walivyofanya. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, mbegu inaingia. Anayechelewa anachekwa na kijiji kizima. Donatienne naye alilelewa hivyo, na hakuwa mtu wa kubishana. Alisema neno moja tu: "Tubakize nusu nyumbani, Mama."

Mama Otilia alinung'unika, lakini akabakiza. Nusu nyingine aliipanda bustanini kwa mkono wake mwenyewe.

Walingoja. Kila baada ya kanisa walikwenda kuangalia. Hakuna kilichotoka. Asubuhi moja walikuta bustani nzima imepakwa weupe, kama mtu amenyunyiza chumvi. Ilikuwa jalidi, ule umande unaoganda kwa baridi. Mama Otilia alichimba kwa kidole. Mbegu alizozitoa zilikuwa laini na nyeusi. Aliziminya, zikatoa maji.

Siku hiyo hakula. Kesho yake alisema, "Nilizifukia chini mno. Zilizobaki nitazipanda juu juu. Mvua bado ipo. Jumatatu naenda."

"Mama, na hizo zikioza?"

"Zikikaa kwenye kitenge pia zitakufa. Afadhali zife kazini."

Donatienne alikuwa na hofu tu, na hofu haimzuii Mama Otilia.

Jumamosi hiyo, kule chini kwenye mashine, alikutana na Mama Ngatinem. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Indonesia, wa ghorofa ya juu yao. Walikuwa wakisoma Kiingereza darasa moja. Kiingereza chao hakikuwa kirefu, lakini kilitosha, na pale kilipoisha mikono iliendelea. Mama Ngatinem naye alikuwa na kipande katika bustani ile ile. Mwaka hadi mwaka pilipili zake ziliinama kwa kuzaa.

"Uso wako umekunjamana kuliko hizo shuka," alimwambia Donatienne. "Nini?"

Donatienne alimweleza. Mama Ngatinem alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja taulo.

"Mlipanda mwezi wa nne?"

"Mvua ilinyesha."

"Mimi pia mwaka wangu wa kwanza hapa niliua pilipili zote. Nilifanya haraka kama nyinyi, nikasahau hata nilivyofundishwa na baba. Kesho nitakuja kumwona bibi."

Kesho yake alikuja na sahani ya wali wa manjano. Alimwamkia Mama Otilia kwa kuinama na kumwita Mbah, maana kwao bibi huitwa hivyo. Mama Otilia alipokea wali, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Muulize," alimwambia Donatienne, "huko kwao wanalima, au wanapika tu?"

Donatienne alitafsiri kwa upole kuliko alivyosikia. Mama Ngatinem alicheka, akaonyesha viganja vyake. Vilikuwa na sugu za zamani. Mama Otilia akasogea kidogo kwenye kochi, akampa nafasi ya kukaa.

"Kijiji chetu kiko Java," alianza Mama Ngatinem, na Donatienne akawa anageuza maneno. "Kiko chini ya mlima unaotoa moshi. Nyumba zina kuta za mianzi iliyosukwa, na sakafu ni udongo uliopigwa ukashikamana. Umeme ulifika mimi nimeshaolewa. Shamba la baba lilikuwa dogo. Ukirusha jiwe kutoka upande huu, linaanguka kwa jirani. Kwa hiyo tulilima letu, kisha tukalima ya wengine, nao wakatulipa kwa mpunga."

"Hata kwetu wako watu hivyo," alisema Mama Otilia.

"Mashamba yetu yamekatwa mlimani kama ngazi. Maji yanatoka juu, yanapita shamba hadi shamba. Kila mtu ana zamu yake ya maji, na kuna mzee aliyechaguliwa kuyasimamia. Sasa sikiliza, Mbah. Kwetu sisi hatupeleki mbegu ya mpunga moja kwa moja shambani."

"Mnaipeleka wapi?"

"Kwanza kwenye kitalu. Ni pembe moja ndogo ya shamba yenye udongo mzuri kuliko wote. Mbegu tunailoweka majini. Kisha tunaifunga kwenye gunia, tunaliweka mahali penye joto mpaka mbegu itoe jino. Ndipo tunaitandaza kitaluni. Miche ikifika urefu wa kiganja, tunaing'oa, tunaifunga mafungu, tunaipeleka shambani. Wanawake wa kijiji wote wanakuja. Leo kwangu, kesho kwako. Tunapanga mstari, tunapanda tukirudi nyuma."

"Nyuma? Kwa nini mrudi nyuma?"

"Ukienda mbele utaikanyaga uliyoipanda."

Mama Otilia alifikiri kidogo, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mbegu zioze. "Haya, hapo wana akili. Lakini migongo yao ni ya chuma."

"Mwaka mmoja baba alifanya haraka," Mama Ngatinem aliendelea. "Alitandaza mbegu kabla ya zamu yake ya maji, kwa sababu aliona mawingu. Mawingu yakapita. Kitalu kikakauka. Majirani walitupa miche iliyowabakia, la sivyo tungelala njaa. Baba akatuambia, mbegu ikiwa ndogo ni kama mtoto mchanga. Uiweke mahali padogo unapoweza kupalinda. Kule tulilinda maji. Hapa tunalinda joto."

Mama Otilia akasema, "Udongo ni udongo. Mvua imeshaulainisha."

"Twende tukauguse," alisema Mama Ngatinem.

Walikwenda wote watatu mpaka bustanini. Jua lilikuwa linawaka, na kwa juu udongo ulikuwa na uvuguvugu. Mama Ngatinem alichimba shimo fupi kwa kijiko.

"Mbah, tia mkono. Kaa nao humo."

Mama Otilia alitia mkono. Alikaa. Baada ya muda vidole vilianza kumuuma, akautoa, akauficha kwapani.

"Wewe una damu na koti," Mama Ngatinem alimwambia. "Mbegu haina. Nyanya chungu ni mtoto wa nchi ya joto. Humo hailali, inakufa. Mvua ya hapa haisemi kwamba udongo uko tayari. Inasema tu kwamba theluji imeisha."

Donatienne alitafsiri neno kwa neno. Hakuongeza kitu. Mama Otilia aliusugua mkono wake uliokufa ganzi.

"Kitalu chake anakiweka wapi?" aliuliza mwishoni. "Kule juu hatuna hata kipande cha udongo."

"Dirishani," alijibu Mama Ngatinem.

Kazi ilianza siku ile ile. Mama Otilia alifungua pindo la kitenge na kushauriana na moyo wake kama atoe zote. Alitoa zote. Waliziloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kesho yake. Kisha wakazifunga katika kitambaa kibichi, wakakitia ndani ya bakuli na kulifunika. Bakuli walilikalisha karibu na chuma cha kupashia chumba joto kilicho chini ya dirisha, si juu yake, maana pale zingeungua. Kila asubuhi na jioni Donatienne alikinyunyizia kitambaa maji.

Zikapita siku, na Mama Otilia akaanza kuzunguka bakuli kama kuku anayelalia. Asubuhi moja alifungua kitambaa, akaita kwa sauti ndogo, "Mama Inès, njoo uone." Mbegu zilikuwa zimetoa meno meupe. Si zote, lakini nyingi.

Sasa zilitaka udongo. Katika mji huu maziwa huuzwa kwenye mifuko ya plastiki, na Donatienne alikuwa ameiosha na kuiweka. Alimwonyesha Mama Ngatinem.

"Hivi ndivyo viriba vyenyewe vya kukuzia miche," Mama Ngatinem alisema. "Toboa chini ili maji yatoke. Mmea ukikaa kwenye maji, mizizi inaoza."

Walijaza mifuko udongo mwepesi, wakaipanga wima ndani ya maboksi. Kila mfuko ulipata mbegu yake, ikafunikwa kidogo tu. Maboksi yakapangwa kwenye dirisha linaloingiza jua. Inès alisema kwa Kiingereza kwamba sasa hawezi kuona nje. Bibi yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba nje hapajabadilika.

Miche ilitoka na kuelekea kwenye kioo, ikawa mirefu na dhaifu.

"Inafuata mwanga," alieleza Mama Ngatinem. "Igeuze kila siku, upande wa ndani utazame nje. Itanyooka." Walipoigeuza, ikanyooka.

Katikati ya mwezi wa tano lilikuja jua kali. Watu walitoka na kaptula. Gelasius, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, aliipapasa miche. "Mama, hii si tayari? Tuipeleke leo. Kesho mimi niko kazini."

Mama Otilia alikwishainua boksi moja. Ndipo Donatienne, ambaye hakuzoea kumzuia mtu, akasimama mlangoni.

"Bado, Mama."

"Wewe jua hili hulioni?"

"Naliona. Ila jana jioni niligusa udongo wa bustani. Juu una joto, ndani bado unauma. Na miche hii haijawahi kupigwa na upepo."

"Mke wako amekuwa yule mzee wa zamu za maji," Mama Otilia alimwambia mwanawe. Lakini boksi alilirudisha.

Kesho yake hewa iligeuka. Walipoamka, paa za magari kule chini zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Mama Otilia alizitazama kutoka dirishani. Kisha aligeukia miche, akaifuta vumbi jani moja moja. Alipomaliza alimmiminia Donatienne chai, yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo waliifundisha miche kuishi nje. Hewa ilipotulia waliitoa kwenye roshani kwa saa moja, nyuma ya ubao wa kukinga upepo. Siku zilizofuata waliiacha zaidi na zaidi. Mashina yakawa manene. Mwezi wa sita ulipoanza, udongo wa bustani ulikuwa na joto hata chini, na usiku haukuwa na baridi tena. Donatienne akasema, "Sasa."

Mama Ngatinem alikuja na jembe lake dogo. Walichana mifuko ya maziwa taratibu ili mizizi isikatike, wakapanda jioni jua likiwa limepoa, wakamwagia maji. Mama Otilia alijaribu kupanda akirudi nyuma. Alikanyaga ndoo, akakaa kitako kwenye matope.

"Mwambie," alisema akiwa pale chini, "kwao wanaona kwa kisogo. Mimi nitakwenda ubavu ubavu."

Miche ilishika. Ilitoa maua mwezi wa saba, na mwisho wa mwezi wa nane ilizaa. Nyanya chungu za kwanza Mama Otilia alizipika na samaki mkavu na mawese. Gelasius alifuta sahani yake kwa kidole. Mama Ngatinem aliweka moja kinywani, akatafuna, akasema kwao pia wanapenda uchungu, ila hapa pamesahaulika pilipili. Alikuwa nayo mfukoni. Mama Otilia alikula sahani mbili.

Matunda makubwa ya mche ulio bora hakuruhusu mtu ayaguse. Aliyaacha yakawa mekundu, yakalainika. Ndipo akayapasua, akaziosha mbegu zake, akazianika kivulini juu ya sahani. Zilikuwa nyingi kuliko zile alizokuja nazo.

Zilipokauka alizigawa mafungu mawili. Moja alilifunga kwenye pindo la kitenge. La pili alilitia ndani ya bahasha, akamwita Donatienne wapande naye ghorofa ya juu kwa Mama Ngatinem.

"Mwambie hivi. Nilikuwa nazo mimi peke yangu, na nusu niliua. Hizi azitunze kwake. Kwangu zikiharibika, kwake zitakuwepo."

Mama Ngatinem aliipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Na kwangu zikiharibika?" aliuliza.

Donatienne alitafsiri. Mama Otilia alikuwa ameshavua viatu, anatafuta mahali pa kukaa.

"Basi utashuka kwangu kuchukua," alisema. "Ngazi si zipo?"