Pipa la Njano

Saa kumi na moja alfajiri mpishi mkuu wa hospitali alifungua chumba cha baridi akakuta kulabu tupu. Nyama ya wagonjwa, iliyoletwa jana yake jioni, ilikuwa imetoweka. Hii ilikuwa mara ya tatu mwezi huo, na katibu wa hospitali hakutaka maelezo tena: mwenye ufunguo ni mpishi, basi mwizi ni mpishi. Akaita polisi waje wamzoe.

Aliyekuja ni Sajini, mgane, mtu aliyeijua hospitali ile kuliko alivyopenda. Mkewe alifia humo mwaka uliopita, akinywa mchuzi usio na hata harufu ya mfupa.

Alimkuta mpishi, mama mtu mzima, amekalia sufuria iliyopinduliwa kifudifudi.

"Afande, nyumbani nina wajukuu, mama yao hayupo," alisema. "Nikilala ndani leo, nani atawafungulia mlango?"

Sajini akamuuliza nani mwingine ana ufunguo. Mpishi akacheka bila furaha. Katibu ana funguo za kila kitu, alisema, mpaka za vyoo vilivyoziba.

Getini walinzi wawili, Mrefu na Kipara, waliapa kwamba tangu usiku hakuna nyama iliyotoka. Kwa hiyo bado iko ndani, Sajini akawaza. Walimweleza jinsi wanavyokagua: katibu amewagawia watu wote wa jikoni mifuko myekundu ya kubebea vitu vyao, akawaambia walinzi kazi yao ni nyekundu tu. Kipara alijisifu kwamba sasa anauona wekundu hata akisinzia.

Na kweli. Zamu ya usiku ilipoanza kutoka, macho yao yalirukia mifuko kama kuku aliyemwagiwa mtama. Wakamkamata msaidizi wa mpishi na mfupa. Katibu, aliyekuwa dirishani kwake, akapaza sauti kwamba ndiye huyo, wako wawili. Sajini akaunusa. Ulikuwa umechemshwa ukachemshwa tena, mweupe kama chaki. Msaidizi alikuwa akimpelekea mbwa wake. Sajini akamwachia.

Saa mbili mzoa taka akaja na mkokoteni wake, kama kila siku, na mapipa mawili ya njano ya kung'aa, yale ya bandeji na pamba za vidonda. Rangi ile ingemwamsha maiti. Walinzi walishageuza pua kabla hajafika, macho kwenye nyekundu.

Sajini hakuwa ameyazoea. Akayatazama. Pipa la nyuma lilikuwa jeusi kwa nzi. La mbele halikuwa na nzi hata mmoja, na ubavuni lilitoka jasho la maji baridi. Akavua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya kifuniko cha pipa hilo, akasogea pembeni. Mrefu akafungua geti kwa mkono wake mwenyewe. Mkokoteni ukapita.

"Wakubwa, kofia yangu iko wapi?" Sajini akauliza.

Wakamtazama kichwani, wakatazamana, wakainama kutafuta chini ya benchi. Mzoa taka, aliyesimamisha mkokoteni nje kidogo ya geti, ndiye aliyeonyesha kwa kidole, akiona haya kwa niaba yao.

"Hili la mbele nani analijaza?"

"Sijui, afande. Huwa nalikuta limefungwa kufuli. Katibu kasema ni maambukizi makali, nisukume tu."

Katibu alishateremka, funguo zikilia kiunoni. Sajini akaomba ufunguo wa kufuli lile. Katibu akakataa, akataja kanuni za afya, akataja wakubwa anaofahamiana nao. Sajini akaazima nyundo.

Kifuniko kilipofunguka, harufu ikawapiga. Mapaja ya ng'ombe, baridi bado, yamelala juu ya pamba zilizoganda usaha. Bandeji moja ilikuwa imenata kwenye mafuta kama ngozi ya pili. Kipara akatapika ukutani.

"Mifuko myekundu ulitoa wewe," Sajini akasema. "Kufuli lako. Ufunguo wa pili wa chumba cha baridi ni wako. Uliwafundisha hawa wapi pa kutazama, halafu ukapita palipobaki."

Katibu hakukana. Alionekana kuudhika tu, kama aliyekatizwa chakula.

"Mgonjwa mahututi anajua ladha gani, Sajini? Wanakufa na nyama tumboni, wanakufa bila nyama. Angalau kwa shemeji yangu, mwaka wa tatu sasa, inaoshwa, inauzwa, watu wanakula."

"Shemeji yako yuko wapi?"

Katibu akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye bucha la vigae vyeupe.

Sajini alilitazama bucha lile kwa muda mrefu. Kila Jumamosi, mkewe alipokuwa kitandani, alikuwa akinunua nusu kilo pale, nyama laini isiyo na mafuta, akaipika, akaivusha barabara, akamlisha kwa kijiko. Mke alikuwa akimsifu. Akisema, baba, hii ndiyo nyama, siyo maji yao.

Akamfunga katibu pingu bila kumgusa mkono. Kisha akamwita mpishi, akamwambia aende nyumbani kwa wajukuu. Mama akashika mkono wake kumshukuru. Sajini akauvuta taratibu, akaenda bombani. Akasugua vidole kwa sabuni, akasuuza, akanusa, akasugua tena.